Nukta na Mavi ya Inzi

Baba yangu aliitwa Kambale, alizaliwa Musienene, kwenye milima ya maharagwe na viazi. Mama yangu aliitwa Kavira, alizaliwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, na alifia Beni alikokwenda kumwuguza dada yake. Andika hivyo, Masika mjukuu wangu, wala usiongeze neno. Habari nyingine za ukoo utawauliza wajomba zako, ambao hupenda kuzisimulia wakiwa wameshiba. Mimi nitasema juu ya mwaka mmoja tu, mwaka niliopika katika ofisi ya wachora ramani hapa Butembo. Nausema kwa sababu juma lililopita Kahindo aliingia kwa mlango huu, akakaa kwenye kiti hicho unachokikalia, na kitu alichokiacha mezani kimenirudishia puani harufu ya mwaka ule. Watu husema kwamba mtu huundwa katika ujana wake. Nilipoingia ofisi ile sikuwa kijana tena. Nilikuwa nimekwisha kumzika mume wangu na watoto walikuwa wakinitazama mikononi. Hata hivyo nilikuwa bado mtu wa kucheka kwa urahisi. Mwulize mama yako. Atakuambia ni lini niliacha.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Vulamba, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa na kompyuta mbili na skana, ile mashine pana inayomeza karatasi upande mmoja na kuitema upande wa pili, huku picha yake ikibaki ndani ya kompyuta. Chumba cha kati kilikuwa cha mkubwa wa ofisi, Kakule, ambaye sote tulimwita Patron. Cha nyuma kilikuwa jiko langu, nacho kilitengwa na vingine kwa ubao mwembamba tu, kiasi kwamba mtu akijikuna kule mbele nilimsikia. Nje ya dirisha langu jenereta ilinguruma tangu asubuhi, na moshi wake ukaingia katika maharagwe. Hata leo nikisikia harufu ya mafuta yale mate hunijaa mdomoni, si ya hamu. Patron hakukubali kula mahali pengine isipokuwa juu ya meza ya ramani. Alikula makayabu kwa mkono, samaki yule wa chumvi, akafuta vidole pembeni mwa kalki, ile karatasi ngumu inayopitisha mwanga ambayo wazee walichorea ramani zao, kisha akachana kona yake, akaikunja vizuri, akachokonolea meno. Nimewaona wanaume wengi wakila, hata askari waliotoka msituni baada ya siku nyingi za njaa. Sijamwona mwingine aliyechokonolea meno kwa kiwanja cha mtu.

Kahindo ndiye aliyefanya kazi ya kompyuta. Alikuwa msichana mwembamba wa Kikatoliki, mwenye sauti ndogo, na wakati wa kungoja umeme alikuja kukaa nami jikoni akichambua maharagwe. Siku moja nilimwuliza kwa nini achore upya ramani ambayo mashine imekwisha kuimeza, kwani niliiona pale kwenye kioo, mistari yake yote imo. Akacheka. "Mama Katungu, ile hapana mistari. Ile ni picha tu. Ni sawa unga wenye ulimwangika ku meza. Ukiwa mbali unaona kama njia. Ukikaribia, ni punje, punje, punje. Mashini hapana jua kama hii ni ukuta ao ni alama ya kikombe cha chai." Kazi yake, alivyonieleza, ilikuwa kuilaza picha ile chini kama mkeka, kuinyoosha mpaka kipimo chake kilingane na kipimo cha ardhi, halafu kuchora juu yake mistari ya kweli, mmoja mmoja, katika tabaka jingine. Mistari ikikamilika, picha ya chini huzimwa, na mwenye kulipa haioni tena. Nikamwambia kwamba basi yeye ndiye anayeamua ni nini kilichokuwapo na ni nini ambacho hakikuwapo. Aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Patron njo anaamuaka. Miye niko mukono tu."

Katikati ya mwaka ule ililetwa kazi ya Beni. Tajiri mmoja wa huko alikuwa amepata kipande cha ardhi pembeni mwa mji, karibu na makaburi ya zamani, naye alitaka akatiwe viwanja vya kuuza. Ramani pekee ya mahali pale ilikuwa mikononi mwa Mzee Paluku, aliyekuwa mchora ramani wa misheni zamani, naye aliileta mwenyewe kwa pikipiki, ikiwa imeviringishwa ndani ya kipande cha bomba la maji kilichozibwa kwa kitambaa pande zote mbili. Ilikuwa saa ya chakula, kwa hiyo nilimpakulia maharagwe na viazi. Alikula taratibu, mbali na karatasi yake, sahani juu ya magoti. "Mama, hii maharagi inapita ya bibi yangu," aliniambia. "Mais usimwambie. Iko na masikio hata mu kaburi." Kahindo alicheka mpaka akapaliwa. Patron yeye alikuwa amekwisha kuikunjua kalki mezani, amekandamiza kona moja kwa chupa ya bia na nyingine kwa kiwiko.

Makaburi yale, Masika, yalikuwa na ua wa miti uliopita katikati. Upande mmoja walilala Wakatoliki wa parokia, na juu ya ramani kila mmoja alikuwa na msalaba mdogo. Upande wa pili hapakuwa na msalaba hata mmoja. Palikuwa na nukta. Patron alizitazama akitafuna. "Papa, hii ma-points yote ni nini? Inzi zilikunyia ramani yako?"

"Zingine, ndiyo, ni inzi," akajibu Mzee Paluku bila kukasirika. "Karatasi ilikaa miaka mingi ku ukuta. Mais zingine ni batu. Kila point, mutu moja. Ba-protestants, na batoto benye balikufa mbele ya kubatizwa. Padri wa wakati ile alikataa niwekee bale msalaba. Alisema hata kuandika hapana lazima. Mi nikatembea pale na fimbo, kila fasi nilikuta jiwe nikaweka point."

"Na unajuaka gani ni inzi, gani ni mutu?"

"Ya inzi iko manjano kidogo, ya wino iko nyeusi. Na tena mi nilitembea pale. Nikiangalia, najua."

"Utakufa na hiyo akili yako, Papa."

"Njo maana niliandika," akasema mzee, akaninyooshea sahani nimwongezee.

Sikumwongezea mara moja. Mama yangu alikuwa Mprotestanti wa Mutwanga. Alizikwa nyuma ya ua ule, mahali njia inapopinda, na kando yake walikuwapo watoto watatu wa mwanamke muuza ndizi, waliokufa kwa surua, wakazikwa katika mstari mmoja kama vidole. Nilikuwa nimekwenda pale mara chache, kwa sababu ya barabara na ya vita, na sikuwahi kuwaza kwamba mtu fulani alipita na fimbo yake na kumwandika. Niliinamia meza nikatafuta. Lakini kiwiko cha Patron kilikuwa mahali penyewe, naye hakukiondoa.

Kahindo aliitia kalki katika skana siku iliyofuata. Patron alimwamuru aichukue kwa nyeusi na nyeupe tupu, bila rangi wala kijivu, kwa sababu picha ya rangi ni nzito na kompyuta zetu zilikuwa kuukuu. Kwa hiyo ilipotokea kwenye kioo, manjano ya inzi na weusi wa wino vilikuwa kitu kimoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Hapo ndipo Patron alipotamka neno ambalo nimelibeba hadi leo kama mfupa kooni. "Kahindo, toa buchafu."

Mashine ile ina chekeche ndani yake. Unaipa kipimo, na kila punje iliyo ndogo kuliko kipimo hicho inaanguka, inapotea. Kahindo aliweka kipimo kidogo. Vumbi likaondoka, nukta zikabaki. Patron akataka kiongezwe. "Patron," akasema Kahindo kwa ile sauti yake ndogo, "nikipandisha tena, ma-points zote zitaenda. Ya inzi na ya batu."

"Misalaba itabakia?"

"Misalaba itabakia, juu ni mikubwa."

"Bon. Donc pandisha."

Alibonyeza. Haikutoa hata sauti. Upande wa misalaba ulibaki jinsi ulivyokuwa, na upande wa pili ukawa mweupe kama sahani iliyorambwa. Na huo weupe ndio tajiri alioutaka: ardhi tupu, iliyotolewa na mashine, bila mtu yeyote kusema uongo kwa kinywa chake. Asiyejua aweza kufuta kwa ujinga wake, na hilo husameheka. Lakini Patron alikuwa amekula maharagwe pamoja na mtu aliyemweleza kila kitu, sahani kwa sahani, na bado alisimama pale akisifu usafi. Niliweka sinia chini.

"Patron," nikasema, "mama yangu njo iko pale."

"Pale wapi?"

"Ku upande ya ma-points. Fasi njia inapinda."

Alinigeukia, chembe ya samaki imeganda pembeni mwa mdomo wake, nami sikumwambia aifute. Hakukasirika. Angalikasirika ningalimheshimu kidogo. Alisema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, "Pole, Mama. Mais uangalie. Batu banatoka mu vijiji na magodoro ku kichwa, banakimbia kuchinjwa, hapana fasi ya kulala. Unataka benye balikufa bakatalie benye biko bazima?"

Nataka uliandike swali hilo vizuri, Masika, kwa sababu si swali la mpumbavu. Niliwaona watu hao kwa macho yangu, wakipita barabara ya Butembo na kuku wamefungwa miguu na wazee wamebebwa mgongoni, na sikuwa na haki ya kuwanyima pa kulala. Nikamjibu, "Mi hapana katalia mutu. Muwaambie tu kwenye banalala. Mutu mwenye alikimbia kifo, mumwambie: chini hapa kuna batu. Akikubali, alale."

"Na nani atauza parcelle ya vile?" Kwetu mtu husema kuuza akiwa na maana ya kununua, na parcelle ni kiwanja, nami nilielewa.

"Basi umejijibu," nikamwambia.

Akacheka. Alinipiga begani kwa mkono uleule wa samaki, akamgeukia Kahindo. "Wekea Mama msalaba moja. Kidogo tu, pembeni. Mama, onyesha fasi. Fasi yoyote."

Fasi yoyote. Kahindo alikuwa tayari, mkono juu ya kipanya, machoni machozi. Usifikiri kwamba lilikuwa jambo jepesi. Msalaba mmoja juu ya karatasi ile, na mahali pale pasingekatwa kiwanja, na mama yangu angelala. Kidole changu kilitaka kunyooka. Nilitazama weupe ule nikawafikiri wale watoto watatu kando yake, ambao mama yao hakuwa mpishi wa ofisi yoyote, na wengine wote ambao ndugu zao walikuwa Mutwanga au Musienene wakipalilia, bila kujua kwamba siku hiyo, kati ya chai na chakula, walikuwa wamechekechwa. Tena hakuwa na msalaba, mama yangu. Aliishi bila huo na kuzikwa bila huo. Angewekewa leo na mtu anayechokonoa meno, popote, kama ncha ya mfupa anayotupiwa mbwa ili asibweke. Nikasema, "Rudisha bote, ao acha."

"Basi tuache," akasema Patron, akaketi. "Chai iko wapi?"

Baada ya siku chache Mzee Paluku alirudi kuchukua kalki yake, na bomba lake mkononi. Patron alimwambia kwamba ya nini, si iko ndani ya mashine, safi kuliko ya kwanza. Kalki yenyewe walikuwa wameikata vipande ili ipite vizuri katika skana, na vipande vilitupwa uani, penye maji ya jenereta na mbuzi wa jirani. Mzee alitoka nje. Niliacha jiko nikamfuata, tukainama pamoja katika matope. Tulipata mapande mawili yenye misalaba na kipande kimoja kilichotafunwa, chenye doa la mafuta ya samaki. Patron alisimama mlangoni akitutazama. Mzee Paluku alijinyoosha polepole, akamwambia bila kupaza sauti, "Mbuzi inakula karatasi juu ya njaa. Wewe, mwana, ulikula juu ya nini?" Patron alirudi ndani. Mzee alipanda pikipiki na bomba tupu, na sikumwona tena. Tulisikia baadaye kwamba amefariki, na ile akili iliyojua inzi na mtu ikaenda naye, jinsi Patron alivyotabiri. Mimi nilizima makaa, nikasugua sufuria zote hadi zikang'aa, nikazipanga, nikaondoka na kisu changu na kanga yangu. Sikutaka apate wa kumwambia kwamba Katungu alimwachia uchafu.

Viwanja vilikatwa, vikauzwa. Mwaka ulipokuwa ukiisha, mwanamke mmoja wa soko la Beni aliniletea habari kwamba nyuma ya ua watu walichimba choo, wakakuta mifupa. Nilikwenda. Nyumba ilikuwa ya udongo, mpya, mabati yake bado yanameta, na mwenye nyumba alikuwa mama mmoja aliyekimbia kijiji chake na watoto wake. Alinipa kiti, yeye akakaa chini. Walikuwa wamelifukia shimo na kuchimba jingine hatua chache mbali, na hilo la pili lilikuwa limekwisha kuanza kutumiwa, kwa sababu watoto hawawezi kungoja. Inzi walijaa. Nilimweleza kwa nini nimekuja. Hakujitetea. Alisema, "Mama, bangetuambia, tungechimba pembeni. Tungefyeka vizuri hata. Batu ba kufa siye tunabajua, tunatoka kwabo." Akalia, nami sikulia, kwa maana nilikuwa nikisikia ile harufu na kujiuliza ni nani aliye chini yake, na kinyaa kilikuwa kimejaa mahali ambapo machozi hutoka. Nilikunywa maji aliyonipa. Sijamchukia mwanamke yule hata siku moja.

Sasa juu ya Kahindo. Juma lililopita aliingia na mvi kichwani, miwani puani, na sauti ileile ndogo. Aliweka mezani flashi, kile kijiti kidogo cha kompyuta, akasema kwamba Patron alimwamuru kuifuta picha ya kwanza, ile ya kabla ya kuchekechwa, kwa kuwa ilijaza nafasi bure, naye hakuifuta. Ameihamisha kutoka kompyuta hadi kompyuta miaka hii yote, bila kumwambia mtu. Sikumshukuru papo hapo. Nilimwuliza kwa nini hakuileta siku ile nilipoondoka, kabla viwanja havijauzwa. Akasema, "Niliogopa, Mama. Kazi ilikuwa moja tu." Nilimwacha akae na jibu lake mpaka chai ikapoa. Kisha nikamwongezea sukari, kwa sababu mikono mingine ingeifuta.

Wewe ulikuwapo, Masika, ndiwe uliyeifungua. Uliniuliza ninatafuta nini nikakuambia: pale njia inapopinda, nukta moja, na kando yake tatu ndogo kama vidole. Tuliipata. Halafu tukapata nyingine iliyo sawasawa nayo, upande wa juu, nukta moja na tatu. Moja ni mama yangu na watoto wa muuza ndizi. Nyingine ni inzi waliotua ukutani zamani, wakaondoka. Na mtu aliyeweza kututenganishia amekufa. Nawe, kwa nia njema, uliinama ukasema, "Koko, niisafishe kidogo ili uone muzuri?" Nilikushika mkono kwa nguvu zaidi kuliko nilivyokusudia. Alama imebaki, naiona.

Basi sikiliza utakachokiweka. Picha hii uiweke jinsi ilivyo, na doa la samaki wa Patron ndani yake, katika flashi yako na ya mama yako, na nyingine umpelekee yule mama wa Beni, umwonyeshe nyumba yake iko wapi, ili wanawe wajue wanapokanyaga. Ukijifunza kazi ya Kahindo na siku moja ukachora mistari juu yake, usiizime picha ya chini. Usimwekee mama yangu msalaba, wala jina, wala rangi. Usichague kati ya zile mbili. Na wakija watu waliosoma wakakuambia kwamba nusu ya nukta hizi ni mavi ya inzi, waambie kwamba nyanya yako alijua, na kwamba ameagiza yahifadhiwe yote, kwa sababu ukifuta inzi mmoja tu, huenda umemfuta Kavira wa Mutwanga.